Dosie Inaanzia Nyumbani: Maboma ya Utapeli wa Mtandaoni na Ushahidi Ulioko Lubumbashi

Tarehe 5 Februari 2025 serikali ya Thailand ilikata umeme, intaneti na mafuta yaliyokuwa yakivuka mpaka kuingia sehemu tano za Myanmar. Moja ya sehemu hizo ni Myawaddy, mji unaotazamana na Mae Sot ya Thailand, ng'ambo ya mto Moei. Siku saba baadaye watu 260 walivushwa mto kutoka kwenye maboma ya utapeli. Walikuwa wa mataifa yapatayo ishirini, na zaidi ya nusu yao walikuwa Waethiopia. Katika majuma yaliyofuata idadi ya waliotolewa ilipita 7,000.

Picha zao zilizunguka dunia nzima. Kazi ngumu ilianza wapiga picha walipoondoka. Kila mmoja alipaswa kukaa mbele ya afisa na mkalimani, na afisa alikuwa na swali moja la kujibu: huyu ameuzwa, au ni tapeli aliyekuja kwa hiari yake? Akionekana ameuzwa, anapelekwa kwenye makazi ya wahanga. Akionekana tapeli, anaingia mahabusu ya uhamiaji kwa kosa la kuvuka mpaka bila ruhusa, na huenda akafikishwa mahakamani.

Mara nyingi jibu la swali hilo halipatikani Mae Sot. Mtu anatoka bomani bila simu na bila pasipoti, pengine akiwa na alama mwilini ambazo zitapona kabla daktari hajaziandika. Ushahidi kwamba alidanganywa ulibaki pale alipodanganyiwa: kwenye simu ya dada yake kule Katuba, Lubumbashi, kwenye ujumbe wa makuta, yaani fedha, aliyotumiwa komisioneri, yule dalali wa safari, kwenye tiketi iliyochapishwa katika sekretariati ya mtaani pale Kamalondo. Juhudi zote za serikali, kuanzia Bangkok hadi Kinshasa, zinasimama au zinaanguka kwa vitu vidogo kama hivyo. Ndiyo maana familia ya Lubumbashi ina kazi ya kufanya, na ni kazi isiyoweza kufanywa na mtu mwingine.

Kwanza tuelewe boma lenyewe. Ni majengo ya ghorofa yaliyozungushiwa ukuta na walinzi wenye silaha, mabweni juu, meza za kompyuta chini. Yanayojulikana zaidi ni KK Park na Shwe Kokko upande wa Myawaddy, lakini yako pia Kambodia, katika miji kama Sihanoukville, Bavet na Poipet, na Laos katika eneo la Pembetatu ya Dhahabu. Agosti 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba walau watu 120,000 nchini Myanmar na wapatao 100,000 nchini Kambodia walikuwa wakilazimishwa kutapeli. Mwezi Juni 2025 Amnesty International ilitaja maboma 53 nchini Kambodia peke yake.

Kazi inayofanyika humo Wachina huiita kuchinja nguruwe. Mfanyakazi anapewa simu kadhaa, picha za mwanamke au mwanaume mzuri, na maandishi yaliyotayarishwa. Anatuma ujumbe kana kwamba amekosea namba, anaanza urafiki, anaupalilia kwa majuma, kisha anataja biashara ya sarafu za kidijitali inayolipa vizuri. Mlengwa anaonyeshwa tovuti bandia ambako fedha zake zinaonekana kuongezeka, na anaruhusiwa kutoa kiasi kidogo ili aamini. Akiweka akiba yake yote, mlango unafungwa. Mfanyakazi asiyefikisha kiwango alichopangiwa anakatwa mshahara, ananyimwa chakula, anapigwa, anachomwa kwa umeme, au anauzwa kwa boma lingine kwa bei mpya, ambayo inaandikwa kuwa deni lake. Kwa hiyo katika chumba kimoja wapo wahanga wa aina mbili, aliye upande huu wa skrini na aliye upande ule. Asiyelishika hilo atamhukumu vibaya kijana anayerudi.

Wapo wanaosema hayo ni mambo ya Asia na hayatuhusu. Wasogee hadi mpakani Kasumbalesa wautazame upande wa pili. Aprili 2024 maafisa wa Zambia walivamia kampuni moja mjini Lusaka na kuwakamata watu 77, wakiwemo raia 22 wa China. Walikuta mashine za kubadilisha njia za simu na kadi za simu zaidi ya 13,000. Waliokuwa wanaketi kwenye meza na kuandikiana na walengwa wa Singapore, Peru na Falme za Kiarabu ni vijana wa Kizambia, walioajiriwa wakiambiwa ni kazi ya kuhudumia wateja. Juni mwaka huo Wachina 22 na Mkameruni mmoja walihukumiwa, wengine hadi miaka 11 gerezani. Desemba 2024, mjini Lagos, tume ya Nigeria ya kupambana na uhalifu wa kifedha iliwakamata watu 792 katika jengo moja, 148 kati yao Wachina. Na katika operesheni ya Serengeti ya mwaka 2025, iliyoratibiwa na INTERPOL na ambayo Kongo yetu ilishiriki, Zambia ilinasa pasipoti za kughushi 372 za nchi saba katika msako dhidi ya mtandao ulioshukiwa kusafirisha watu kwa magendo. Lusaka si mbali. Ni safari ya basi.

Sasa turudi kwenye mwanzo wa safari, kwa sababu huko ndiko ushahidi unakozaliwa.

Tangazo linakuja kwa Telegram, Facebook au TikTok, au linaletwa na mtu anayefahamika: rafiki wa chuo, jirani, muumini mwenzako. Kazi inaitwa huduma kwa wateja, kuingiza data, masoko ya mtandaoni. Mahali panatajwa kuwa Bangkok au Dubai. Mshahara unatajwa kwa dola, juu kuliko wa mwalimu lakini si wa kutisha, kwa sababu kiasi cha ajabu kingeamsha shaka. Wanauliza lugha unazozijua na kasi yako ya kuchapa. Kijana wa Lubumbashi mwenye Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza cha kutosha ni mali kwao, maana kila lugha inafungua nchi nyingine ya kutapeli. Kisha wanasema tiketi watalipa wao na viza iwe ya utalii, kibali cha kazi kitapatikana ukifika.

Sentensi hiyo ya mwisho yatosha kusimamisha safari. Mgeni anayekwenda kufanya kazi halali Thailand anaingia kwa viza ya kazi, siyo ya utalii, na mwajiri ndiye anayeanza kushughulikia ruhusa katika wizara ya kazi ya huko kabla mgeni hajaruka. Tena kampuni iliyosajiliwa Thailand ina namba ya usajili yenye tarakimu 13, na namba hiyo hutafutwa kwenye tovuti ya idara ya biashara ya nchi hiyo. Muulize mwajiri namba hiyo. Mwenye kampuni ya kweli anaijua kama anavyojua jina lake. Tapeli atakasirika, atasema nafasi zinaisha, au atatuma picha ya cheti chenye muhuri mwekundu na namba iliyofifia.

Barabara nayo inasema. Kutoka uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi kuingia Bangkok mjini ni kama saa moja, foleni ikiwepo huongezeka. Mae Sot iko karibu kilomita 500 kaskazini-magharibi, mwendo wa saa saba au nane. Kwa hiyo aliyeahidiwa kazi ya Bangkok, akiona vibao vya Nakhon Sawan, kisha Kamphaeng Phet, kisha Tak, ajue gari halimpeleki kazini. Kama vibao vinasema Sa Kaeo na Aranyaprathet, anapelekwa mashariki, mpaka wa Kambodia. Angali ndani ya Thailand bado ana sheria upande wake. Barabara ya kwenda Mae Sot ina vizuizi vya polisi, na dirisha linaweza kuteremshwa. Namba za kushika kichwani ni tatu: 191 ya polisi, 1155 ya polisi wa watalii, ambao huhudumia wageni kwa Kiingereza, na 1300 ya msaada wa kijamii inayopokea kesi za watu wanaosafirishwa kwa magendo. Akishavuka mto Moei, anaingia katika ardhi ya vikundi vyenye silaha, na hapo polisi wa Thailand hawana mamlaka. Sipendi kuandika hivi kana kwamba kila kitu kinategemea dirisha la gari, lakini ukweli ni kwamba tofauti ya kingo mbili za mto ule inaweza kuwa tofauti ya mwaka mzima wa maisha.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi. Protokali ya Palermo ya mwaka 2000, ambayo Kongo ilijiunga nayo 2005, inaufafanua usafirishaji haramu wa binadamu kwa vitu vitatu: tendo, njia na lengo. Tendo ni kuajiri, kusafirisha, kupokea au kuhifadhi mtu. Njia ni udanganyifu, nguvu, vitisho, au kutumia unyonge wake. Lengo ni kumnyonya, ikiwemo kumfanyisha kazi kwa lazima. Kwa mtu mzima ni mafiga matatu, na sufuria haikai juu ya mawili. Palipo na udanganyifu, kauli ya kwamba alikubali mwenyewe haina uzito mbele ya protokali hiyo. Nchini kwetu kulikuwa na pengo kwa miaka mingi. Sheria ya watoto ilikuwepo, ya watu wazima ilikuwa dhaifu, hadi sheria ya Desemba 2022 ilipoirekebisha kanuni ya adhabu ili kuuadhibu usafirishaji wa watu wa kila umri. Machi 2023 ikafuata Kanuni ya Dijitali, inayogusa makosa ya mtandaoni. Wakala wa kuzuia na kupambana na usafirishaji wa watu, APLTP, ulikwishaundwa 2019, makao yake Kinshasa. Vyombo vipo, basi. Kinachokosekana mara nyingi ni dosie, yaani jalada la kesi, iliyojaa mafiga yote matatu, na dosie hiyo haijazwi na ofisi.

Tuanze na figa la njia, kwa kuwa ndilo huvunjika kwanza.

Udanganyifu unathibitishwa na mazungumzo ya kabla ya safari. Yako WhatsApp au Telegram, na kila programu ina hatari yake. Kwenye WhatsApp picha za skrini hazitoshi, kwa kuwa wakili wa upande wa pili atasema zimetengenezwa. Fungua mazungumzo, nenda kwenye menyu, chagua kuhamisha gumzo, weka pamoja na midia, ujitumie kwenye barua pepe. Utapata faili la maandishi lenye tarehe na saa ya kila ujumbe, pamoja na picha na sauti. Kisha rudi upige picha za skrini pia, hasa ukurasa wa maelezo ya mwenye namba, ambako namba kamili inaonekana. Jina ulilomhifadhi wewe, kwa mfano Patron Bangkok, halimwambii mpelelezi chochote. Namba ndiyo inayosema.

Telegram ni tete zaidi. Upande mmoja unaweza kufuta mazungumzo yote na yakatoweka pande zote mbili. Wengi wamepoteza kila kitu kwa njia hiyo, usiku mmoja, baada ya kumwandikia ajenti kwa hasira kwamba wanakwenda polisi. Usimwandikie. Hifadhi kwanza. Telegram ya kompyuta ina uwezo wa kuhamisha mazungumzo, ule wa simu hauna. Kwa hiyo tafuta mwenye kompyuta, hata kwenye saiberi, uingie, uhamishe, ubebe faili kwenye flashi, kisha utoke kabisa kwenye akaunti. Andika pia jina la mtumiaji linaloanza na alama ya @, ukijua linaweza kubadilishwa kesho. Kama ajenti alitangaza kwenye kundi, hifadhi kiungo cha kundi na tangazo lenyewe.

Usifute kitu, hata kinachoaibisha. Mazungumzo ambamo ndugu yako anaonekana mwenye tamaa ya dola yanasaidia kuliko kuharibu, kwa sababu yanaonyesha aliahidiwa nini. Wakubwa wa familia huwa wanataka kusafisha, na wanaposafisha wanaondoa figa.

Figa la tendo linathibitishwa na safari. Tiketi ya elektroniki ina msimbo wa herufi na tarakimu sita, na namba ya tiketi yenye tarakimu 13. Kwa namba hizo mbili shirika la ndege linaweza kuonyesha, likiombwa na mamlaka, nani alilipa na kwa kadi gani. Karatasi hiyo iliyokunjwa ndani ya Biblia ya mama ina thamani kuliko maelezo ya saa tatu. Pasipoti ipigwe picha kurasa zote kabla ya safari, siyo ule wa picha peke yake, kwa maana mihuri na viza hubaki kwenye kurasa nyingine. Kama komisioneri alipokea makuta kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, ujumbe wa uthibitisho una namba ya muamala na jina lililosajiliwa. Ujumbe huo usiuache kwenye simu moja tu. Simu huibwa, na kadi hubadilishwa. Unakili kwa mkono kwenye daftari, na uupige picha.

Figa la lengo linatoka bomani kwenyewe, na hapa ni lazima kwenda polepole. Simu za waliomo hukaguliwa. Ujumbe wa kujitia ushujaa kutoka nyumbani unaweza kumfanya apigwe. Ni vizuri zaidi kukubaliana maneno kabla ya safari, na Lubumbashi tuna bahati ya lugha. Kiswahili chetu cha mtaani kilichochanganywa na Kibemba na Kifaransa kinazibabaisha programu za tafsiri ambazo wasimamizi hutegemea. Neno la kawaida la nyumbani, kama jina la chakula, halishangazi mtu. Mdogo akimwandikia dada yake, "Yaya, leo bukari iliungua," na wamekwisha kupatana kwamba maana yake ni kuhamishwa boma, tarehe ya ujumbe ule inakuwa ushahidi. Sombe iwe pasipoti iliyochukuliwa. Bitoyo iwe kipigo. Yaandikwe kwenye daftari kabla hajaondoka, na watu wawili wa familia waweke saini, ili baadaye isidaiwe kwamba maana zilibuniwa.

Akiweza kutuma mahali alipo, kiungo cha ramani ni bora kuliko maelezo. Akituma picha kwa njia ya kawaida ya WhatsApp, taarifa za mahali zilizofichwa ndani ya picha hufutwa. Akiituma kama hati, hubaki, mradi kamera ilikuwa imeruhusiwa kuziandika. Vitu vya kupiga picha, kama hakuna hatari: kibao chochote chenye maandishi, umbo la paa, mnara, mto, milima kutoka dirishani. Wachunguzi hulinganisha hayo na picha za setilaiti.

Saa nayo ni shahidi. Lubumbashi ikiwa saa 2:00 usiku, Bangkok na Phnom Penh ni saa 7:00 usiku, tofauti ya saa tano kamili. Myanmar ni saa 6:30 usiku, tofauti ya saa nne na nusu. Ile nusu saa haipo Thailand, Laos wala Kambodia. Saa ya ukutani kwenye picha, ikilinganishwa na wakati ujumbe ulipofika, inaweza kumtoa mtu Thailand na kumweka Myanmar kwenye karatasi za mpelelezi. Lakini kinyume chake hakithibitishi kitu: simu iliyoshika mtandao wa Thailand huonyesha saa za Thailand hata ikiwa ng'ambo ya Moei.

Kisha inakuja simu ya fidia, karibu kila mara. Wanataja maelfu ya dola, wanataka USDT, sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola, na wanatoa siku tatu. Sitaihukumu familia inayouza kiwanja Ruashi ili kumtoa mtoto, na asiyewahi kusikia mtoto akilia kwenye simu asitoe somo. Ninachoweza kusema ni namna mambo yanavyokwenda. Malipo hayana dhamana. Wapo walioachiwa, na wapo ambao bei yao ilipanda baada ya malipo ya kwanza kwa kuwa familia imeonyesha ina fedha, au waliouzwa kwa boma la jirani. Kwa vyovyote vile, anuani ya pochi ya kidijitali waliyoitaja ni alama ya kidole. Anuani ya USDT kwenye mtandao wa Tron huanza na herufi T na ina herufi na tarakimu 34, na kila muamala una alama ndefu ya tarakimu na herufi 64. Inakili, usiichape kwa mkono, maana kosa la herufi moja linaua ushahidi. Kampuni ya Tether, inayotoa USDT, huweza kuzifungia pochi kwa ombi la vyombo vya dola, na Novemba 2023 ilifungia takriban dola milioni 225 zilizohusishwa na mtandao wa kusafirisha watu na utapeli Kusini-Mashariki mwa Asia. Kadiri anuani inavyofika mapema kwa mamlaka ndivyo inavyofaa, kwa kuwa fedha hizo huhama ndani ya saa chache. Tena jihadhari na anayejitokeza Facebook akisema atarudisha fedha au kumtoa mtu kwa malipo ya awali. Huyo ni tapeli wa pili, mara nyingi ana orodha ya waliotapeliwa na wa kwanza.

Yote hayo yapelekwe wapi? Mezani kwa mwendesha mashtaka. Malalamiko yaandikwe, yapelekwe parke, yaani ofisi yake, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kisha uliza namba ya RMP, yaani namba ya dosie kwenye daftari la waendesha mashtaka. Bila namba hiyo kila ofisi itakuambia urudi kesho. Nakala nyingine ziende polisi ya upelelezi, DGM (idara ya uhamiaji), APLTP, Wizara ya Mambo ya Nje, na ofisi ya OIM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, ambayo hushughulika na kuwarudisha watu makwao. Iombwe wazi kwamba ofisi ya INTERPOL ya Kinshasa ijulishwe, kwani ndiyo inayoweza kuomba tangazo la njano, lile la mtu aliyepotea. Familia haiwezi kuliomba moja kwa moja. Barua iwe ya ukurasa mmoja au miwili: jina kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti, tarehe ya kuondoka, ndege, ahadi aliyopewa, nani aliitoa, mara ya mwisho kuwasiliana, mahali anapodhaniwa kuwa. Huzuni ya mama ni ya kweli, lakini ikijaza kurasa tatu za mwanzo, afisa hataifikia namba ya tiketi.

Nasema pia kwa maafisa wa uwanja wetu wa ndege wa Luano wanaogonga mihuri. Maswali matatu yatosha: nani amelipa tiketi, nani anakuajiri, na karatasi ya ruhusa ya kazi iko wapi. Yakiulizwa kwa heshima, kijana mwenye shaka atapata nafasi ya kusema. Yakigeuzwa kuwa njia ya kupata makuta, kijana atalipa na kupita, au atazunguka kupitia Kasumbalesa akapande ndege Lusaka, na hapo hatutakuwa hata na muhuri wa kutoka kuthibitisha safari yake. Figa jingine limekwenda.

Wakubwa wa mtandao huu nao wanasakwa, na hilo ni jema. Oktoba 2025 Marekani ilimshtaki Chen Zhi, mwenyekiti wa Prince Group ya Kambodia, ikaomba kutaifisha bitcoin 127,271, zilizokuwa na thamani ya takriban dola bilioni 15. Mwezi huohuo jeshi la Myanmar liliingia KK Park, SpaceX ikazima vifaa zaidi ya 2,500 vya Starlink, intaneti yake ya setilaiti, vilivyokuwa karibu na maboma, na watu zaidi ya 1,500 wakakimbilia Mae Sot. Starlink hizo ndizo zilizokuwa zimejaza pengo la intaneti iliyokatwa Februari. Hivyo ndivyo pigo moja linavyokwepwa: umeme ukikatwa jenereta zinawaka, boma likibomolewa mabosi wanahamia mkoa mwingine pamoja na daftari la wafanyakazi.

Na kila boma likifunguka, serikali tajiri hutuma ndege. Korea Kusini ilituma ndege maalum Kambodia Oktoba 2025 na kuwarudisha raia wake 64 kwa siku moja. Waafrika, hasa Waethiopia, ndio waliobaki majuma mengi kwenye kambi za vikundi vya mpakani mwanzoni mwa 2025, wakingoja nyaraka na nauli. Atakayekuwa na dosie tayari Kinshasa, yenye namba ya RMP na nakala ya pasipoti, hati yake ya kusafiria ya dharura itatoka haraka kuliko ya mtu ambaye uraia wake unaanza kuthibitishwa siku hiyo.

Anaporudi, atahojiwa. Hapa kila kitu kinaweza kuharibika kwa neno moja. Akiulizwa alikuwa akifanya nini kule, naye akajibu kwa mkato, "nilikuwa natapeli watu," hati ya mahojiano itaandika hivyo bila ukuta, bila walinzi, bila deni. Asihojiwe usiku ule wa kufika. Apumzike, aonwe na daktari na makovu yaandikwe kwa kipimo na mahali yalipo mwilini, akutane na wakili au shirika la haki, na dosie ya familia iwe mezani kabla hajafungua mdomo. Aeleze kwa mpangilio wa wakati, akianzia tangazo la kazi. Ahojiwe kwa lugha anayoimudu. Kama hati imeandikwa Kifaransa naye ana Kiswahili, asomewe kwa Kiswahili neno kwa neno, na palipokosewa parekebishwe kabla ya kutia saini, kila ukurasa. Kisha tarehe ya hati hiyo na jina la aliyeiandika viingizwe kwenye daftari lilelile la nyumbani, chini ya bukari, sombe na bitoyo.